Nani Anatia Maji Kwenye Taa?

Hewa ya moto ilikuwa imeshalainisha gundi upande mmoja, na Bi Taa alikuwa anaingiza bisibisi bapa kwenye mshono wa taa ya gari, polepole, kama mtu anayemvua kiatu mtoto aliyelala, alipoliona tone. Lilianzia juu ya kioo, upande wa ndani, likateremka kwa madaha, likaungana na wenzake chini. Huko maji yalikuwa yameshafanya kidimbwi cha kumtosha ndege mmoja kunywa na kuoga.

Hakutukana. Alizima kipulizio, akalaza bisibisi juu ya kitambaa, akaiangalia ile taa kama unavyomwangalia mgeni uliyemsindikiza jana akarudi leo na mabegi.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Taa ya mbele, upande wa kushoto, ya gari la mikate. Mara ya kwanza iliingia na mshono uliochoka; akaifungua, akaikausha, akaitia gundi mpya. Ikarudi na maji. Akajilaumu, akarudia kazi yote kwa mkono mzito zaidi. Na sasa hii hapa tena, inatoka jasho kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu.

"Nilikwambia," dereva wa mikate alisema nyuma yake. Alikuwa amekaa juu ya tairi chakavu, mikono kifuani, aproni yake nyeupe ikiwa bado na unga. "Alfajiri nimepanda ukingo wa barabara. Sioni mbele, naona ukungu. Trei nzima ya mikate imelala chini. Bosi amesema taa ikirudi tena na maji, magari yote matano tunayapeleka kwingine."

"Nimekusikia, kaka."

"Kunisikia umenisikia mara tatu."

Bi Taa akasogeza kitambaa chini ya taa.

Kelele za dereva zilimtoa Mjomba ofisini. Mjomba ndiye mwenye gereji, na alikuwa mjomba wa kweli, kaka wa marehemu mama yake. Ndiye aliyempa Bi Taa lile benchi lililo chini ya bati la kupitisha mwanga, mahali pazuri kuliko pote mle ndani. Alikuja akifuta miwani kwa ncha ya shati, akainama, akayaona maji, akanyooka.

"Basi," alisema. "Imetosha. Povu!"

Kutoka kwenye sakafu ya kuoshea magari, mpira wa maji ulinyamaza. Povu akachungulia, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Naam, Mjomba."

"Leo nikifunga geti, uniachie mpira na mabuti stoo. Kesho usije."

Povu alitazama kushoto na kulia, kama vile huenda kuna Povu mwingine. "Nimefanya nini?"

"Unapiga taa za watu kwa presha mpaka maji yanaingia ndani. Umetutia aibu mbele ya wateja. Sitaki maneno." Mjomba akageuka kurudi ofisini.

Bi Taa aliinuka. Povu alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kufuatana, na mdogo wake alikuwa na mimba kubwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea Povu ile kazi. Povu akimwaga unga leo, jioni hii ni yeye atakayekwenda kukaa kwenye kochi la mdogo wake na kueleza kwa nini.

Akamfuata Mjomba mpaka mlangoni. "Mjomba, nipe nafasi niangalie kwanza."

"Uangalie nini? Maji yanaonekana."

"Maji nimeyaona. Njia yake ndiyo sijaiona."

Mjomba alipumua kwa nguvu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuomba radhi kwa wateja. "Mpaka nifunge geti. Si zaidi."

Ilikuwa imegonga saa tano asubuhi. Geti hufungwa saa kumi na moja.

Bi Taa alirudi benchini akaanza mwanzo, kama hajawahi kuiona taa ile maishani. Mshono: gundi nyeusi imeshika pande zote, na kwenye kona alama ya kidole gumba chake mwenyewe bado ipo, haijaguswa. Kioo: hakina ufa, alikipitishia ukucha kote. Kifuniko cha nyuma, kile cha kubadilishia balbu: kimekaza. Mpira wake: mzima, laini. Hakuna mahali ambapo maji yangepita, hata kwa presha.

Kisha akamalizia kufungua kioo, na harufu ikampiga puani. Siki.

Akasogeza pua tena. Siki, kali, kama mtu amefungua chupa. Na kile kikombe cha fedha kinachorudisha mwanga kilikuwa kimeingia utando mweupe ambao haukuwa maji, kwa maana alipoufuta kwa kitambaa haukutoka. Sasa akakumbuka kwamba hata mara ya pili harufu ile ilikuwapo, kidogo, akadhani inaletwa na upepo kutoka kwa waosha magari.

Hapo ndipo moyo ulipomwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia. Akashuka mpaka kwa Povu, akainama juu ya ndoo yake ndogo ya kusafishia vioo.

Siki.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "ndoo hii ina nini?"

"Maji na siki. Vioo vinang'aa, havibaki na michirizi. Kwa nini?"

"Ndani ya taa kuna harufu ya siki."

Povu akacheka, kicheko cha mtu asiyeona cha kuchekesha. "Na wewe, shemeji? Nilidhani wewe ndiye wakili wangu."

"Nauliza tu. Gari la mikate umeliosha lini?"

"Sijaliosha! Muulize mwenyewe. Huwa hataki hata nilikaribie, anasema maji yataingia kwenye mikate. Mimi ningependa kuliosha, lina matope mpaka kwenye nambari. Lakini hapana, mheshimiwa ana mikate."

"Hata siku moja?"

"Naapa kwa huyo aliye tumboni mwa ndugu yako."

Bi Taa alipanda tena kwa dereva wa mikate, ambaye sasa alikuwa anakula mkate wake mwenyewe.

"Kaka, gari hili limeoshwa hapa?"

"Kwa huyo mwenye mpira? Akalowanishe mikate yangu? Nalifuta mwenyewe kwa kitambaa. Nikikumbuka."

"Hulikumbuki sana."

"Umeanza matusi."

"Na jana usiku lililala wapi? Mvua ilinyesha."

"Ndani ya ghala, chini ya paa, karibu na tanuri. Hata mimi sina kitanda kikavu hivyo." Alitafuna, akameza. "Nilipowasha taa alfajiri zilikuwa safi. Nikaenda, zikapata moto. Nikazima, nikapakia mikate, zikapoa. Kuwasha tena, ukungu. Sasa hapo nani kamwagia maji, malaika?"

Bi Taa alisimama pale akiyapanga maneno hayo. Gari halikuoshwa. Halikunyeshewa. Basi Povu hana kosa, na hilo lilikuwa jambo jema, ila sasa hakuwa na mkosaji kabisa, na Mjomba hangekubali kuambiwa kwamba maji yamezaliwa yenyewe. Alijaribu kumwelezea, akiwa amesimama mlangoni pa ofisi. Mjomba alikuwa kwenye simu akimbembeleza mteja mwingine ambaye taa yake imeingia ukungu. Alimpungia mkono kwamba aondoke.

Mteja mwingine. Wa ngapi sasa? Miaka yote ya benchi lile hawakurudi wateja namna hii. Wameanza kurudi hivi karibuni, wote pamoja, kama walioalikana.

Alichukua chai, akaiacha ikapoa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kila alichokishika kilikuwa chake: gundi yake, kidole chake, kitambaa chake. Kama kosa halikuwa la Povu wala la mvua, lilikuwa limebaki kuwa la nani?

"Nani amechukua silikoni yangu?"

Huyo alikuwa Nyundo, fundi wa bodi, akipiga kelele kutoka chini ya gari jekundu. Nyundo alikuwa na mdomo mkubwa na mikono mikubwa zaidi. Alitaka benchi la Bi Taa tangu zamani kwa sababu ya ule mwanga, na hakuwahi kulificha.

"Tyubu nimeifungua wiki hii," aliendelea akitoka mgongo kwanza, "nimeziba kioo kimoja cha nyuma, kimoja! Leo naikuta imekamuliwa kama dawa ya meno ya familia ya watu kumi."

Bi Taa aliweka kikombe chini. "Naomba niione."

Nyundo akamrushia. Tyubu ilikuwa tupu nusu na zaidi. Akafungua kizibo, akanusa.

Siki.

Bila shaka. Gundi ya silikoni ya bei rahisi hutoa harufu ile wakati inakauka. Alilijua hilo, ndiyo sababu hakuwahi kuitumia kwenye taa, maana mvuke wake huharibu ule ung'avu wa ndani. Yeye hutumia gundi nyeusi ya kupasha moto, ambayo hainuki.

"Nyundo," alisema, "umewahi kugusa taa zangu?"

Nyundo akajifuta mikono, taratibu.

"Unaniuliza mimi?"

"Nauliza kila mtu. Silikoni yako imeingia kwenye taa yangu."

"Sikiliza, Bi Taa. Benchi lako nalitaka, ndiyo. Mdomo ninao, ndiyo. Lakini mimi nikitaka kukuharibia kazi, sitakuja na tyubu kama mtu anayepamba keki. Nitatumia nyundo, na utasikia." Akanyoosha mkono. "Nirudishie silikoni yangu."

Akamrudishia. Alimwamini, na hilo nalo lilimkasirisha. Kila mtu aliyemhoji alikuwa mkweli. Hajawahi kukutana na watu wakweli namna ile siku moja.

Saa kumi ilipita. Povu alikuwa ameshaanza kukunja mpira wa maji, mduara juu ya mduara, kwa uangalifu wa mtu anayefunga mizigo ya safari asiyoitaka. Hakumwangalia shemeji yake. Bi Taa akapiga moyo konde, akaenda ofisini, safari hii akaingia na kuketi.

"Mjomba, si Povu. Gari la mikate halijaoshwa hapa hata mara moja. Dereva mwenyewe amesema."

"Dereva atasema nini? Anamwonea huruma."

"Dereva hamwonei mtu huruma, anaonea mikate."

Mjomba alivua miwani. "Mama," alisema, na alimwita hivyo kwa sababu alibeba jina la mama yake Mjomba, "najua ni mume wa mdogo wako. Najua inauma. Lakini tumia akili. Taa ile haina hata tundu moja lililobaki. Si mbele, si nyuma. Kama si mpira wa presha wa huyu kijana, maji yangepita wapi?"

"Hata mimi nashangaa," alisema Bi Taa, akainuka.

Alikuwa ameshavuka mlango na kufika katikati ya ua pale neno moja lilipomsimamisha.

Lililobaki?

Alirudi benchini karibu mbio. Aliigeuza taa kifudifudi. Mgongoni, chini ya kifuniko cha balbu, kulikuwa na viwiko viwili vidogo vya mpira, vyenye tundu ndani, vimepinda kuelekea chini. Kila taa ya gari huwa navyo au na kitu cha namna hiyo. Alivisafisha mwenyewe siku ya kwanza, akavirudisha, na tangu hapo hakuvigusa tena, kwa sababu alijua ni visafi. Alikishika cha kwanza kwa koleo, akakivuta.

Kilitoka kigumu, na ndani yake, limejaa pomoni, lilikuwa donge jeupe la silikoni. Cha pili vivyo hivyo. Katika hicho cha pili donge lilikuwa la tabaka mbili: moja limekauka kabisa, na jingine juu yake, bado laini, likinuka siki.

Akavishika vyote viwili kiganjani, akakaa kwenye stuli. Kisha akainuka, akawaita wengine.

Mjomba alipotoka na kufuli mkononi, aliwakuta wote benchini. Dereva amesimama, Nyundo ameegemea gari jekundu, Povu ameshika mabuti yake mawili kwa mkono mmoja.

"Mkutano wa nini?"

"Mjomba," Bi Taa alisema. Sauti yake haikupanda. "Ofisini umeniambia taa hii haina tundu lililobaki."

"Ndiyo."

"Umejuaje? Mimi niliacha mawili. Kila taa ninayoifunga naiacha na matundu yake. Mtu asiyeishika mgongoni hawezi kujua kama yapo au hayapo."

Mjomba alifungua mdomo. Bi Taa akafungua kiganja.

Nyundo alikuwa wa kwanza. "Silikoni yangu hiyo!"

"Nyamaza wewe," Mjomba alisema, lakini hakumwangalia Nyundo. Alikuwa anaviangalia vile viwiko. Kufuli likashuka mpaka pajani. "Wewe... uliyaacha makusudi?"

"Makusudi, Mjomba."

"Nilidhani umesahau."

Akatafuta mahali pa kukaa, akakosa, akabaki amesimama. Alisema mambo yalianzia kwa mwalimu mmoja mwenye gari la kijani. Mwalimu alirudi na ukungu kidogo kwenye taa, akaanza kusema mbele ya watu kwamba gereji hii imempa kazi mtoto wa dada kwa sababu ni mtoto wa dada. Bi Taa hakuwapo siku hiyo, alikwenda kununua balbu. Mjomba akainama mwenyewe nyuma ya taa, akayakuta matundu mawili, wazi, makubwa ya kutosha kuingiza njiti ya kiberiti.

"Nikasema, masikini, ameacha matundu! Na Nyundo huyu akijua, hatanyamaza mwaka mzima. Nikachukua silikoni nikayaziba. Tangu siku hiyo ukienda bombani kunawa mikono jioni, napita benchini. Nikiona tundu, naziba. Sikutaka kukusema. Nilikuwa nimeshawatangazia watu wote kwamba hakuna fundi wa taa kama wewe."

"Na nilipoifungua ya mikate mara ya pili?"

"Niliona maji yamerudi, nikaongeza nyingine juu. Na bado yakarudi. Ndipo nikajua ni mpira wa huyu. Maana matundu nimeziba mwenyewe, kwa mkono wangu! Ingekuwa nini kingine?"

Bi Taa alifumba macho. Alihisi hasira, lakini haikupata pa kukaa, kwa kuwa mtu mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake akifuta miwani iliyokuwa safi.

"Taa inapumua, Mjomba," alisema. "Ikiwaka inapata moto, hewa ya ndani inavimba, inataka kutoka. Ikizimwa inapoa, inavuta hewa ya nje. Ikiwa na matundu yake, ukungu unaingia na unatoka, gari likitembea kidogo unakauka. Huyo mwalimu angeendesha mpaka sokoni tu, ungeisha. Ukiziba, unyevu bado unapenya kidogo kidogo na hewa pembeni mwa balbu, lakini unafungiwa ndani. Ni kama kulala watu sita kwenye chumba bila dirisha, asubuhi vioo vinalia. Hakuna aliyetia maji humu. Yaliingia na hewa, yakakosa pa kutokea."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe, Mjomba."

"Na wateja wale wengine?"

"Umeziba ngapi?"

Mjomba aliangalia bati la juu. Midomo yake ilianza kuhesabu, ikaacha. "Zote," alisema. "Zote zilizopita hapa tangu mwalimu."

Dereva wa mikate alipiga mluzi. Nyundo alitaka kusema kitu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya gereji, aliufunga mdomo kabla hakijatoka.

Povu ndiye aliyesogea. Aliweka mabuti sakafuni, moja, kisha jingine.

"Mjomba, mimi uliniita mbele ya watu. Sakafu nzima ilisikia."

"Najua, mwanangu."

"Mke wangu nimeshampigia simu. Nimemwambia sina kazi. Amelia."

"Mpigie tena. Mwambie... nipe hiyo simu, nitamwambia mimi."

"Hapana," Povu alisema. "Kesho nitakuja kazini. Leo sina nguvu ya kuwasikiliza." Akachukua shati lake kwenye msumari, akatoka getini bila kuaga. Bi Taa alitaka kumwita, akaona hana cha kumpa, akamwacha aende.

"Sasa mimi?" dereva aliuliza. "Alfajiri nabeba mikate."

"Alfajiri utatumia gari jingine," Bi Taa alisema. "Taa yako italala wazi usiku kucha, ikauke vizuri. Kesho nitaifunga. Mwambie bosi wako ukweli wote, halafu aamue."

"Atauliza ni nani aliyeharibu."

"Mwambie ni mimi," Mjomba alisema. "Mwambie aje, nitamwambia usoni."

Dereva akatikisa kichwa, akaenda kutafuta usafiri.

Jua lilikuwa limeanza kuliacha lile bati. Bi Taa alichukua waya mwembamba, akaanza kuchokonoa donge kutoka kwenye kiwiko cha kwanza. Lilikatika katikati. Akajaribu upande wa pili; likakatika tena, likabaki limeng'ang'ania kwenye pindo, pale ambapo waya haukufika. Ingebidi atafute viwiko vipya, na si hivi viwili tu. Kesho ingebidi waanze kupiga simu, mteja mmoja baada ya mwingine, na kuwaomba warudi na taa ambazo walidhani zimeshatengenezwa.

Mjomba alikuwa bado amesimama pale. Rafuni kulikuwa na taa nyingine, ya gari dogo, aliyoifunga Bi Taa mchana uliotangulia. Mjomba aliisogelea, akaigeuza, akapapasa mgongo wake kwa ncha ya kidole. Akakipata kiwiko. Akakishika, akitaka kukivuta, kisha akasita.

"Mama," aliuliza, "hiki nikitoe, au nikiache?"

"Usiguse, Mjomba."

Akaondoa mkono.

"Kesho," alisema Bi Taa, akitandika kitambaa safi juu ya kioo kilicho wazi. "Kesho asubuhi njoo ukae hapa karibu yangu, nikuonyeshe."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, akalichukua kufuli, wakaenda wote wawili kufunga geti.